"Wasenegali Wanachukuliwa kwa Urefu Tu": Dhana Iliyonichosha

Wiki iliyopita mzazi mmoja alinitumia picha ya kijana wake amesimama mlangoni, kichwa kimegusa fremu ya juu. Chini aliandika: "Ana miaka 16 na bado anarefuka. Wasenegali si wanachukuliwa hivi hivi?" Nikamwomba ripoti za shule za miaka miwili iliyopita. Akaniuliza za nini.

Kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya vijana wanaotaka kucheza kikapu vyuo vya Marekani, na sina sentensi inayonikera kama hiyo ya "hivi hivi". Basi tuwatazame hao Wasenegali wenyewe.

Gorgui Dieng alizaliwa Kébémer mwaka 1990. Hakuna aliyemwokota barabarani kwa sababu ni mrefu. Alipitia SEEDS ya Thiès, kituo kilichoanzishwa na Amadou Gallo Fall, ambako darasa na uwanja vinakwenda pamoja. Mwaka 2009 akawa mchezaji bora wa kambi ya Basketball Without Borders Afrika, kisha akasoma mwaka mmoja shule ya sekondari ya Huntington Prep, West Virginia, Marekani. Mwaka 2010 chuo cha Louisville kikamsajili. Kocha anamtaka, nafasi ipo, jezi ipo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ikapitia masomo yake na kusema hajatimiza masharti yote. Chuo kikakata rufaa, na ruhusa ikapatikana Novemba, msimu ukiwa mlangoni.

Miaka mitano baadaye yakamkuta Tacko Fall wa Dakar, mwenye sentimita 226. Kabla hajacheza mechi hata moja katika chuo cha UCF (University of Central Florida), NCAA ilihoji masomo ya shule aliyosomea huko huko Marekani. Darasani hakuwa mzito; kilichotiliwa shaka ni shule yenyewe. Kama urefu ungekuwa tiketi, nani angempita huyo? Naye alikaa akasubiri karatasi.

Daraja la kwanza la NCAA linataka masomo 16 ya msingi ya sekondari (Kiingereza, hisabati, sayansi na wenzake) kwa wastani usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha 4.0, na kila mwaka uthibitishwe kwa hati ya shule. Kwa Msenegali maana yake ni hati za kuanzia mwaka wa BFEM (mtihani wa kumaliza shule ya kati) hadi Baccalauréat (mtihani wa kumaliza sekondari), nakala asili ya Kifaransa pamoja na tafsiri yake. Na hapo kuna mtego: kwenye hati za Senegal neno "collège" ni shule ya kati, ile inayoishia kwenye BFEM. Nimewahi kuletewa fomu imejazwa kana kwamba kijana alikuwa chuo kikuu akiwa na miaka 14. Mtafsiri hakujua, mzazi hakusoma, miezi ikapotea.

Majina nayo! Ndiaye, N'Diaye, Diaye: pasipoti inasema hivi, cheti cha kuzaliwa vile, ripoti ya shule vingine. Kwenu ni mtu yule yule. Kwa anayekagua faili akiwa Indianapolis, makao makuu ya NCAA, ni watu watatu. Ndiyo maana kila mzazi namwambia jambo lile lile, na sitaacha: nunua faili moja leo. Ripoti ya kila mwaka iingie humo siku inapotoka, yenye mhuri unaosomeka na jina lililoandikwa kama kwenye pasipoti. Usiniletee picha ya simu iliyopigwa gizani.

Kuna na wanaopunguza umri, wakiamini mtoto atauzika zaidi. Ukitoa miaka miwili kwenye cheti, ripoti za shule zitaonyesha mtoto alianza darasa la kwanza akiwa na miaka minne. Umemharibia kwa mkono wako mwenyewe.

"Mrefu kazi yake ni kusimama chini ya goli." Fainali ya NCAA ya 2013, Louisville 82, Michigan 76: Dieng alipata pointi 8, ribaundi 8, asisti 6 (pasi zinazozaa kikapu) na kuzuia mitupo 3. Soma tena hizo asisti. Huyo ni senta anayeona uwanja mzima, na macho hayo hayakuja na urefu. (Ubingwa huo ulifutwa mwaka 2018 kwa makosa ya chuo nje ya uwanja. Pasi zake alizitoa zote.)

"Akifika chuoni, NBA imeshakuja." Dieng alichaguliwa wa 21 mwaka 2013, usiku timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zinapoteua wachezaji wapya, ndiyo. Tacko Fall alimaliza chuo akiwa na rekodi ya NCAA ya usahihi wa mitupo, asilimia 74, na mwaka 2019 timu yake ikakosa kuing'oa Duke kwenye mashindano ya NCAA kwa pointi moja, 77 kwa 76. Usiku wa uteuzi hakuitwa. Aliingia Boston Celtics ya NBA kwa mlango wa nyuma, na hesabu yake yote ya NBA ni mechi 37 za msimu wa kawaida.

"Skolashipu ni mshahara." Si mshahara. Ni ada, malazi, chakula na vitabu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, lakini mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa na sheria za kazi za uhamiaji. Asisaini kitu kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake.

"Asipofika NBA amepoteza miaka minne." Hii nikiisikia namtaja Amadou Gallo Fall. Alicheza katika chuo cha University of the District of Columbia, akahitimu 1993, na NBA hakucheza hata dakika moja. Akawa mtafuta vipaji wa Dallas Mavericks ya NBA, akafungua SEEDS, na ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali mwaka 2021, rais wake alikuwa yeye.

Yule mzazi wa picha ya mlangoni amenijibu jana usiku. Ripoti ya kidato cha pili imepatikana, ila ya kwanza ililiwa na mchwa. Nimemwambia aende shuleni Jumatatu asubuhi akaombe nakala kutoka kwenye daftari la matokeo, yenye mhuri na saini ya mkuu wa shule.