Mama kaletwa mjini apumzike, mbona ananyong'onyea?

Kuna kitu nakiona sana kliniki na kinaniuma, ndo maana naandika. Mtoto kapata maisha hapa Dar, kajenga Goba au Chanika huko, baba kafariki kijijini na mama kabaki peke yake, basi anaambiwa mama umehangaika vya kutosha, njoo upumzike. Ni upendo kabisa, sina neno nao. Anapewa chumba chake, godoro zuri, tivii, dada wa kazi anampikia na kumfulia, watoto wanatoka alfajiri kukimbizana na foleni wanarudi usiku wamechoka, na geti linafungwa. Baada ya miezi kadhaa analetwa hospitali, mgongo unauma, miguu inawaka moto, tumbo limejaa gesi, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Wanapima malaria hakuna, sukari iko sawa, presha kidogo, anapewa dawa za maumivu na vitamini, mwezi unaofuata yuko hapo tena.

Wengi wa wazee wa namna hii ninaowaona wana sonona, yaani ule ugonjwa wa moyo kushuka ambao Kiingereza wanauita depression. Sonona ya mzee mara nyingi inajificha mwilini, hakwambii nina huzuni, na wazee wetu wamelelewa kuvumilia, tena atalalamikaje wakati watoto wamejitahidi hivyo, ataonekana hana shukrani. Kwa hiyo angalia vitendo: anakula vijiko viwili anasukuma sahani, anaamka saa tisa usiku na halali tena, jumuiya au msikiti ambao alikuwa hakosi sasa kila siku ana sababu ya kutoenda. Alafu anaanza kusema "mimi nimekuwa mzigo". Nikisikia hilo la mzigo naacha kalamu kwanza nikae naye.

Familia inaniambia daktari si uzee tu huo? Hapana jamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 14 ya wazee wana tatizo la afya ya akili, sonona na wasiwasi vikiongoza, yaani wengi zaidi hawana. Ingekuwa ni uzee si wangekuwa nayo wote?

Sasa kwa nini mapumziko yamuumize mtu? Fikiria alichoacha. Kijijini alikuwa na kuku wake, shamba hata kama ni dogo, msibani yeye ndo anajua unga kiasi gani unatosha, binti akijifungua anaitwa yeye. Hapa akishika ufagio anaambiwa mama acha, akiingia jikoni mama kaa tu. Mtu asipofanya kitu hapati lile tone la kuridhika linalokuja na kumaliza kazi, moyo unashuka, moyo ukishuka hamu ya kufanya inapungua zaidi, anashinda amelala mchana, usiku macho makavu, misuli inalegea (na ya mzee inaisha haraka), mwisho anaanguka bafuni. Wengine wana upweke wa lugha, bibi katoka Kagera au Mara, Kiswahili chake cha kuungaunga, wajukuu lugha yake hawaijui kabisa, nyumba ina watu saba na hana wa kuongea naye.

Tukipima ubora wa maisha tunatumia dodoso la Shirika hilo la Afya Duniani (WHO) la maswali 26, linauliza maumivu na usingizi, ila pia linauliza kama unaona maisha yako yana maana, mahusiano yako yakoje, una hela ya mahitaji yako. Watoto wengi wanahesabu chakula, dawa na kitanda, hayo mengine hawayafikirii.

Matibabu yanaanzia hapo hapo, kumrudishia shughuli kidogo kidogo, na iwe kazi ya kweli ambayo asipoifanya nyumba itaona pengo, siyo ya kumzuga. Mchicha kwenye viroba nyuma ya nyumba, kuku watatu, mboga ya Jumapili iwe yake peke yake. Mpe hela yake mkononi hata kidogo, asiombe ya vocha. Mtafutie watu wa kwao, Dar hii kila mkoa una watu wake. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Harare kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza wenye sonona na msongo, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliohudumiwa walipata nafuu kubwa. Mimi hiyo naipenda sana kwa sababu bibi pale siye anayehurumiwa, yeye ndo anayetegemewa.

Mpimeni masikio na macho pia. Asiyesikia anajitenga, na wakati mwingine ni nta tu imejaa, au ni mtoto wa jicho ambaye anatibika kwa operesheni.

Dawa zipo na zinasaidia, ila zinachukua wiki kadhaa, msikate tamaa siku ya tano. Tafadhali msimnunulie tu dukani amitriptilini (dawa ya sonona ya zamani) au diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi) kwa sababu jirani alipona, kwa mzee zinaweza kuleta kuchanganyikiwa, mkojo kuziba, kuanguka. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu hajui yuko wapi, hiyo siyo sonona wala kurogwa, inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji au dawa, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akisema anataka kufa, msimkemee, msimwache peke yake, mleteni.

Mkija, bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata za mitishamba. Aje na yule anayeshinda naye, hata kama ni dada wa kazi, yeye ndo anajua bibi kala nini na kalala saa ngapi. Alafu mniachie naye dakika kumi peke yetu, msione vibaya, kuna mambo mzazi hawezi kuyasema mbele ya mtoto wake.