Gari la kulala safarini: kilomita chache si sawa na upya

Kwenye magrupu ya hapa Kigoma unazunguka ujumbe wa siku nyingi: gari la mtumba lenye vitanda na jiko ndani, likiwa na kilomita chache, ni sawa na jipya, hivyo anayenunua jipya anatupa hela. Naelewa unakotoka. Kwa gari la kawaida, kilomita husaidia kweli kupima uchakavu, ingawa hata hizo hurudishwa nyuma.

Lakini gari la kulala ni nyumba pia, na nyumba huzeeka ikiwa imesimama. Mpira hukauka, betri hufa, na maji ya mvua hupenya kwenye maungio ya paa yakaozesha mbao za ndani bila kuonekana. Hapo ndipo wengi wanapoumia, na inasikitisha, maana ukuta uliooza ni ghali kuutengeneza.

Kukagua unaweza mwenyewe. Bonyeza kuta na sakafu, hasa pembeni mwa madirisha. Pakibonyea, maji yameingia. Nusa kabati kama lina ukungu. Soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Pedali zilizolika na kilomita chache haviendani. Kisha mpeleke fundi wako, mwende nalo Ujiji na kurudi.

Mtumba mzuri upo, na bei yake ni nafuu kweli. Ila ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.