Baggio hakuipotezea Italia Kombe la Dunia

Jumamosi kijana wangu mmoja alipaisha penalti mazoezini, na kabla mpira haujaokotwa baba yake akapaza sauti kutoka pembeni: "Umekuwa Baggio!" Mtoto akainamisha kichwa. Nafundisha vijana mpira, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, daima ikifuatana na dai kwamba Roberto Baggio, mshambuliaji wa Italia, ndiye aliyeipotezea Italia Kombe la Dunia la 1994. Si kweli.

Tuhesabu mikwaju yenyewe. Fainali, Pasadena, Marekani, 17 Julai 1994, Italia na Brazil wametoka 0-0 kwa dakika 120. Italia wanaanza: Baresi anapaisha. Pagliuca, kipa wa Italia, anaokoa wa Márcio Santos. Albertini anafunga, Romário anafunga. Evani anafunga, Branco anafunga. Massaro anapiga, Taffarel, kipa wa Brazil, anaokoa. Dunga anafunga. Brazil 3, Italia 2, ndipo Baggio anapotoka katikati ya uwanja, naye anapaisha. Hata angefunga, ingekuwa 3-3 na Bebeto hajapiga bado. Bebeto akifunga, kombe linakwenda Brazil vilevile. Waitalia watatu walikosa siku ile. Anakumbukwa mmoja kwa sababu alikuwa wa mwisho, na picha ikabaki: mikono kiunoni, macho chini.

Wanaomlaumu hawaulizi Italia ilifikaje fainali. Nigeria waliongoza kwa bao la Amunike hadi dakika ya 88, Italia wakiwa pungufu baada ya Zola kutolewa. Baggio akasawazisha, kisha muda wa nyongeza akafunga la pili, tena kwa penalti. Robo fainali, Baggio akawamaliza Hispania dakika ya 88. Bulgaria, nusu fainali, mawili yote ni yake. Kabla ya fainali Italia ilifunga mabao sita hatua ya mtoano, na matano ni ya Roberto Baggio. La sita ni la Dino Baggio, ambaye wala si ndugu yake.

Na kwa Bulgaria aliumia msuli wa nyuma ya paja, akatolewa. Siku nne baadaye akacheza dakika zote 120 kwenye jua la mchana. Kocha yeyote anajua: mguu ukichoka, mwili hulala nyuma na mpira hupaa. Ndiyo maana vijana wangu hupiga penalti mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imekwisha. Kupiga mwanzoni, wakiwa na nguvu zote, hakuwafundishi kitu.

Wengine husema hakuwa mpigaji penalti. Kwenye matuta ya nusu fainali ya 1990 dhidi ya Argentina alifunga. Mwaka 1998 aliokoa sare ya 2-2 na Chile kwa penalti ya dakika ya 85, na kwenye matuta ya robo fainali dhidi ya Ufaransa alipiga mkwaju wa kwanza wa Italia akafunga. Aliyegonga mwamba wa juu ni Di Biagio.

Eti alikwisha baada ya Pasadena? Alitwaa ubingwa wa Serie A, ligi kuu ya Italia, na Juventus 1995, akautwaa tena na Milan 1996, na msimu wa 1997/98 akafunga mabao 22 akiwa Bologna.

Wazazi wanaoniambia goti la mtoto likiumia mpira ndio umekwisha, nao nawaanzia kwa huyuhuyu. Mei 1985, akiwa na miaka 18 katika klabu ya Vicenza, goti lake la kulia lilipasuka vibaya hata upasuaji ukahitaji nyuzi 220. Klabu ya Fiorentina, waliokuwa wamekwisha kukubaliana naye, hawakumwacha. Miaka minane baadaye alibeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Aliendelea hadi 2004, akiwa Brescia, na mabao yake ya Serie A yakafika 205. Mechi ya mwisho ilikuwa San Siro dhidi ya Milan. Alipotolewa dakika za mwishoni, Maldini, mpinzani wake siku hiyo, alimkumbatia, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi.