Banda zito halimzuii nguchiro

Wiki hii tena kanipigia mteja wa Muheza, anataka banda la kuku la kuhamisha, lile lisilo na sakafu unalolisogeza kila siku kwenye nyasi mpya, halafu hapo hapo ananiambia "fundi weka mninga mbili kwa nne, liwe zito nguchiro asiingie." Jamani, nguchiro hanyanyui banda! Anachimba chini, au anapenya kwenye ule wavu mwepesi wa kuku ambao kazi yake ni kuzuia kuku asitoke, sio mnyama asiingie. Dawa ni wavu wa kuchomelea wa nusu inchi sehemu za chini, na sketi ya wavu huo huo, futi moja hivi, ilale juu ya nyasi kuzunguka banda, akianza kuchimba anakuta waya. Kilo hazihusiki kabisa.

Sasa hilo zito, siku ya kwanza mnasukuma watu wanne mnacheka, siku ya tatu vijana hawapo, mama yuko peke yake, banda linabaki pale pale. Mavi yanajaa, na vimelea vya koksidia, vile vinavyoharisha kuku, vikitoka kwenye mavi vinahitaji siku moja mbili tu za joto na unyevu vikomae ndio viambukize, na joto na unyevu Tanga tunavyo vya kugawa. Ndio maana tunasema hamisha kila siku. Banda la kudumu angalau lina maranda chini, hili halina.

Uzito sio uimara, hapa ndio naishiwa subira. Pigilia fremu ya mbao nne, ziwe nene utakavyo, vuta kona moja uone inavyolala upande, msumari wa kona unageuka kama bawaba. Pitisha waya wa mshazari kona mpaka kona, weka miwili ipishane maana mmoja unazuia upande mmoja tu, kaza kwa kuisokota na kipande cha nondo, hata mpaini mkavu wa mbili kwa mbili unatulia tuli.

Jepesi linasukumwa na kusi, hilo kweli, piga vigingi upande wa upepo ufunge kamba.

Paa ndio bado linanisumbua. Makuti yana ubaridi ila masika yanakunywa maji yanakuwa mzigo, bati geji 30 jepesi lakini saa nane mchana kuku wanahema midomo wazi. Naweka bati, nalipandisha, naacha pengo la hewa juu pande mbili, ila sijaridhika.

Siku ya kukabidhiwa, mwite yule atakayelihamisha kila asubuhi, anyanyue mwenyewe upande wa mpini. Akishindwa, fundi apunguze mbao kabla hujammalizia hela.