Kwa nini bei ya kobalti ilianguka wakati magari ya umeme yakiongezeka?

Mwaka 2018, bei ya kobalti ilipopita dola 90,000 kwa tani, hapa Lubumbashi hesabu ilionekana nyepesi: magari ya umeme yanaongezeka, betri zake zinahitaji kobalti, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, bei itazidi kupanda. Niliiamini hesabu hiyo, nikawaeleza na wengine. Magari yaliongezeka kweli. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 tani moja iliuzwa chini ya dola 25,000.

Idadi ya magari niliipata sawasawa. Nilichokosea ni kudhani kwamba kobalti huchimbwa kwa sababu inatakiwa, ilhali kwa sehemu kubwa huchimbwa kwa sababu shaba inatakiwa. Madini haya mawili yamekaa pamoja katika mawe yaleyale ya Katanga, na mgodi unaoishi kwa kobalti hasa ni nadra kiasi kwamba ule wa Bou Azzer, nchini Moroko, hutajwa kila mara kuwa mfano. Kilima cheusi cha taka za tanuru kilicho mjini mwetu ni ushahidi: kwa miongo mingi shaba ilichukuliwa na kobalti nyingi ikatupwa humo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilipoanza kuchakatwa upya ili kuitoa.

Chukua mashine ya kusaga mahindi kule Katuba, hapa mjini Lubumbashi. Watu hupeleka mahindi kwa sababu wanataka unga wa bukari, yaani ugali. Pumba hutoka tu, itakwe isitakwe, na mfugaji wa nguruwe huja kuinunua. Nguruwe wakiongezeka maradufu, hakuna mama atakayesaga debe la pili ili mfugaji apate pumba. Wafugaji wakiacha kuja, mashine haitasimama. Na ukifika msimu ambao kila nyumba inasaga kwa wingi, pumba itajaa hadi mlangoni na bei yake itashuka, hata kama nguruwe nao wameongezeka. Shaba ndiyo unga. Kobalti ndiyo pumba. Jambo la ajabu ni kwamba gari la umeme hula vyote viwili, kwani nyaya na mota yake hutumia shaba nyingi kuliko gari la petroli. Mwaka 2024 shaba ilipita dola 10,000 kwa tani, migodi ilikuwa imepanuliwa, na kila tani ya shaba iliyoongezwa ilitoka na kobalti yake. Gari nililodhani litapandisha bei lilikuwa likisaidia kuishusha.

Mfano huu una mpaka wake. Wachimbaji wadogo wa mikono hufuata bei ya kobalti yenyewe: ikipanda hutafuta mawe yenye kobalti, ikishuka huyaacha. Aidha, Indonesia sasa hutoa kobalti nyingi pamoja na nikeli, yaani pumba ya mashine nyingine kabisa.

Wanunuzi nao hawakukaa kimya. Vita vya mwaka 1978 vya Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, vilipopandisha bei, watengenezaji wa sumaku walihamia sumaku zisizo na kobalti. Vivyo hivyo, baadhi ya betri zilizokuwa na nikeli, manganizi na kobalti kwa sehemu sawa zilifikia sehemu nane za nikeli kwa moja ya kobalti, na zile za chuma na fosfeti, zilizoenea hasa China, hazina kobalti hata kidogo. Kwa kuwa mambo haya yalikwenda pamoja na ongezeko la shaba, ni vigumu kupima kikamilifu mchango wa kila moja katika anguko la bei.

Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026 na nyingine kama hizo kwa mwaka 2027. Bei ilipanda. Hata hivyo, hatua hiyo inazuia pumba mlangoni bila kuigusa mashine; shaba inaendelea kuvuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa malori, na kobalti iliyotoka nayo katika jiwe lilelile inapozidi kiwango haina budi kubaki nyuma, ndani ya magunia ghalani.