Utanashati si sura, wala si bei ya suti

Mtu akiitwa kwenye usaili, ushauri wa kwanza anaopewa, kabla hata hajaulizwa kazi yenyewe ni ipi, ni "nenda mtanashati." Sasa waulize watatu waliompa ushauri huo wanamaanisha nini. Wa kwanza atasema suti mpya. Wa pili anawaza vijana wenye nyuso za kwenye mabango ya matangazo. Wa tatu atakueleza habari za kiatu cha ncha na saa inayomeremeta toka mlangoni. Kila mmoja ana yake, na anayeingia gharama ni mwombaji kazi ambaye hata nauli ya kufikia kwenye jopo ameipata kwa taabu.

Maana yenyewe haina makuu. Mtanashati ni mtu nadhifu anayejua kuvaa na kujitunza. Ukiuleta utanashati kwenye kutafuta kazi, ni kufika ukiwa msafi, nguo zimenyooshwa, zimekukaa mwilini, na zinaendana na kazi unayoiomba. Wasifu wako nao umo humohumo: karatasi isiyo na mikunjo wala alama ya kikombe cha chai, tarehe zisizogongana, na jina la taasisi unayoiomba kazi likiwa limeandikwa sawasawa. Hayo tu. Yanayobaki ni nyongeza za watu.

Nyongeza mbaya kuliko zote ni ile ya sura. Siku hizi ukisikia "kijana mtanashati," jua anasifiwa uso, hata kama kola imeota weusi na shati inaonekana amelilalia. Lakini sura mtu huzaliwa nayo, utanashati huufanya kila asubuhi. Hakuna aliyewahi kuipiga pasi pua yake. Tukichanganya mawili hayo tunawaambia nusu ya waombaji kwamba wameshapita kabla hawajafungua mdomo, na nusu nyingine kwamba sabuni na maji havitawasaidia kitu.

Halafu upo ulimbwende. Mlimbwende hujipamba ili atazamwe, na sina ugomvi naye, ana mahali pake. Ila bangili zinazogonga meza kila mtu anapojieleza, au marashi yanayomfanya mwenyekiti wa jopo ainuke kufungua dirisha, si utanashati uliozidi. Ni jambo jingine kabisa.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Dosari unayoiona, je, unaweza kuirekebisha usiku wa kuamkia usaili ukiwa na maji, sabuni, sindano na pasi? Kifungo kilichokatika, pindo lililofumuka, kucha ndefu, viatu vyenye tope, kwapa: hayo ni ya utanashati, na hapo msaili ana haki ya kukutazama kwa jicho kali, kwa sababu umeyaacha wewe. Kama kuirekebisha kunahitaji mkopo, hiyo ni fasheni. Na kama kunahitaji uzaliwe upya, basi haimhusu msaili hata kidogo.

Kipimo hiki kinaondoa ile dhana ya bei. Shati la mtumba lililofuliwa na kukutosha linaishinda suti ya kuazima siku yoyote. Wahenga walikwishasema cha kuazima hakisitiri matako, na sijui kama waliwahi kuona suti ya kuazima kwenye usaili, lakini ni kama waliiona: mabega yameteremka karibu na viwiko, suruali imekusanywa kiunoni kwa mkanda, na mwenyewe ameketi akiogopa kunyoosha mkono.

Na kwa kuwa suti ndiyo imegeuzwa kuwa mizani ya kila kitu, tuitazame kidogo. Jina lenyewe asili yake ni Kifaransa, *suite*, yaani vitu vinavyofuatana: koti na suruali za kitambaa kimoja. Cheo hakimo. Oktoba 1666 Mfalme Charles II wa Uingereza alitangaza mtindo mpya wa mavazi, kizibao kirefu chini ya koti, na wanahistoria wa mavazi wengi huanzia hapo kuusimulia ukoo wa suti ya vipande vitatu. Lakini suti tunayoijua leo, ya koti fupi lisilo na mkia, katika Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa nguo ya kupumzikia, ya shambani na ya matembezi. Kwenye shughuli nzito bwana alivaa koti refu. Angekuja na hiyo suti yenu ya usaili, wakubwa wa enzi hiyo wangemwona amekuja na nguo za mapumziko. Ni kuelekea karne ya 20 ndipo ilipopanda daraja ikawa vazi la ofisini.

Tai nayo ni hivyohivyo. Babu yake ni kitambaa cha shingoni walichovaa wanajeshi Wakroeshia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17, na Wafaransa wakakiita *cravate* kwa jina la watu hao. Kitambaa cha vitani kimekuwa alama ya adabu ya ofisini. Sisemi tuvitupe. Ninasema umbo la nguo ya heshima hubadilika, na aliyekariri umbo akasahau sababu yake atapotea mara tu kazi itakapokuwa ya aina nyingine. Fundi magari aliyeambiwa ataoneshwa injini aifungue, akaja na suti, ameonesha tu kwamba hakusoma tangazo. Ovaroli safi, isiyo na matundu, ndiyo utanashati wake. Kwa mpishi ni kucha fupi na nywele zilizofunikwa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa usaili unaofanyika kwa video, ni mwanga unaoangukia usoni badala ya mgongoni, na kilichoanikwa kwenye kamba nyuma yako.

Wapo watakaosema mwonekano hauna maana, watu wapimwe kwa ujuzi. Ingekuwa vizuri, ila vichwa vyetu havifanyi kazi hivyo. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha uchunguzi kuhusu maofisa wa jeshi walioombwa kuwapima walio chini yao katika sifa mbalimbali: umbo na siha, akili, uongozi, tabia. Alama zilishikana kupita kiasi. Aliyepewa alama nzuri za umbo alipewa nzuri pia za akili na tabia, kana kwamba ni kitu kimoja. Thorndike aliliita jambo hilo halo, ile duara ya nuru inayochorwa kuzunguka vichwa vya watakatifu. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonesha watu picha za nyuso kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, na hukumu zao kuhusu uaminifu na uwezo wa mwenye uso zilikaribiana sana na za watu waliotazama bila kuharakishwa. Muda zaidi uliwaongezea hasa kujiamini katika hukumu waliyokwisha kuitoa.

Tazama vizuri utafiti huo wa pili ulihusu nini: nyuso, wala si nguo. Washauri wengi huutumia kukuuzia suti. Unachotufundisha kwa kweli ni kwamba msaili ana udhaifu kuhusu sura yako ambao wewe huwezi kuufua wala kuupiga pasi, na wa kuudhibiti ni yeye. Njia za kuudhibiti zinajulikana: waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, kila jibu lipewe alama papo hapo kwa vigezo vilivyoandikwa mapema, na kila mjumbe aweke alama zake kabla ya kusikia maoni ya mwenzake. Sehemu yako wewe ni ile ndogo ya sindano na pasi. Ifanye, kisha ujiandae kwa maswali.

Wasaili wakikataa kuutenganisha utanashati na vingine, mambo hufika mahakamani. Ann Hopkins alikuwa mwanamke pekee kati ya watu 88 waliopendekezwa mwaka 1982 kuwa wabia wa kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse. Alikuwa ameiletea kampuni kazi kubwa. Hakupitishwa, na katika ushauri aliopewa wa kuboresha nafasi yake aliambiwa atembee kike zaidi, aongee kike zaidi, ajipodoe, atengeneze nywele na avae vito. Ushauri huo haukutaja uchafu wala uchakavu. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba kumpima mfanyakazi kwa dhana za namna hiyo kuhusu jinsia ni ubaguzi. Miaka 30 baadaye, mwaka 2019, jimbo la California likawa la kwanza nchini humo kupitisha sheria inayozuia kuwabagua watu kwa nywele zao za asili na misuko yao. Nywele zilizosukwa vizuri ni nywele nadhifu, na inashangaza kwamba jambo hilo lilihitaji sheria.

Kwa hiyo ninalo ombi dogo kwa waandika matangazo ya kazi, wale wa "mwombaji awe kijana mtanashati na mwenye mvuto." Kama kuna sare, semeni kuna sare na nani anaitoa. Kama kazi ni ya kukaa na wateja kutwa nzima, andikeni hivyo, na kila mwenye akili atajua kola yake itatazamwa. Kama mlichokuwa mkitafuta ni sura, neno "mtanashati" halitawasitiri, na "mvuto" ndiyo kabisa limewaumbua. Na wewe unayemshauri mdogo wako anayekwenda kusailiwa kesho, badala ya "nenda mtanashati," mwulize kama shati limekauka.