Konveta haiagizwi kama kiatu

Ujumbe umeingia tena: "Fundi, nitafutie konveta ya 3000." Gari gani, hasemi. Injini gani, hasemi. Kaagiza kama mtu anayetaka kiatu namba 42. Konveta ni lile duara lenye oili, kati ya injini na gia boksi ya otomatiki, linalopitisha nguvu ya injini. Nimeshawajibu wengi mmoja mmoja WhatsApp, nimechoka. Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Ile 3000 ndiyo stoli, na si ya konveta peke yake. Stoli ni resi (mizunguko ya injini kwa dakika) ambazo injini inafikia ukiwa kwenye D, umekanyaga mafuta mpaka mwisho na magurudumu hayazunguki, hadi mzigo wa oili ndani ya konveta unaposema basi. Injini inasukuma, konveta inakataa. Badilisha injini, namba nayo inabadilika, tena inafuata kipeuo cha pili cha toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm. Konveta inayofika 3000 kwa injini inayotoa Nm 400, ukiipa injini ya Nm 200 itakwama kwenye 2100 hivi. Chuma kilekile!

Toyota Chaser Tourer V ya JZX100, yenye injini ya turbo 1JZ-GTE ya VVT-i, inatoa Nm 378 kwenye resi 2400 tu. GX100 yenye injini ya 1G-FE isiyo na turbo, bodi ya familia moja, inatoa karibu nusu ya hapo. Kijana akisikia konveta fulani "ni ya 3000" kwenye Tourer V, anaota itakuwa 3000 kwake. Haiwi. Halafu analalamika kauziwa feki.

Sisi wa Dodoma tuna jambo letu la ziada. Mji uko kama mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya toki yake. Konveta iliyopimwa 2500 Dar es Salaam, huku kwetu inasoma 2350 hivi. Wenye turbo msicheke: kabla turbo haijaamka, injini yenu inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, na hapo ndipo mnapoihitaji konveta.

Kwamba stoli kubwa inaongeza farasi (nguvu za injini): hapana. Inaipeleka injini haraka pale farasi walipo. Kwamba gari halisogei mpaka 3000: hapana pia, linasogea hata kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, ila kwa ulegevu. Ukienda taratibu na mguu mwepesi, toki ni ndogo na konveta inashika vizuri tu chini ya namba hiyo.

Kupima ndiko kunakonisumbua hata mimi. Ukishika breki na kukanyaga mafuta, gari lenye nguvu linazungusha tairi za nyuma kabla halijafika stoli yenyewe, kwa hiyo umepima breki. Ukikanyaga ghafla kutoka umesimama, mshale unaruka juu zaidi, lakini gari limeshaanza kutembea. Gari moja, namba mbili. Mimi nachukua ya pili, na ukinibana nieleze kwa nini, nitakwambia ni mazoea. Njia yoyote utakayotumia, usizidishe sekunde 5, maana nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya ile oili.

Joto hilo ndilo linaloua gia boksi. Kwa jua la hapa, na kujikokota nyuma ya malori barabara ya Morogoro, stoli kubwa bila kipoza oili cha pembeni ni kuniletea mimi kazi. Lokapu, klachi ndogo ndani ya konveta inayoifunga isiteleze, ibaki nzima pia. Wanaoing'oa wananishangaza.

Na kama hiyo 1JZ yako bado ina turbo za kiwandani, huna haja ya 3500. Toki yako yote imeshafika 2400. Juu ya hapo unanunua kelele na oili iliyoungua. Ukiweka turbo kubwa moja inayoamka 4000, hapo njoo tuongee. Njoo na namba ya difu (uwiano wa gia zake), saizi ya tairi na uzito wa gari. Hiyo 3000 iache nyumbani.